UZI: Ijumaa tuliandamana Amu kupinga vita, kutoka Riyadha hadi Mkunguni

Bi Mahamri (Jumamosi, saa 3:10 usiku)

Assalamu alaykum wanabaraza. Mimi si mtu wa kufungua uzi, huwa nasoma tu usiku nikingoja unga uumuke. Lakini tangu asubuhi kila ajaye kununua mahamri ananiuliza, "Ati nawe ulikuwako?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku mafuta yanaungua. Basi someni hapa: ndiyo, nilikuwako. Nilishika pau ya kushoto ya bango.

Kwa walio mbali: jana, hapa kwetu Amu, yaani Lamu, baada ya sala ya Ijumaa tulitoka msikiti wa Riyadha, tukashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mpaka uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, kupinga vita. Vya Gaza na vya Sudan. Tulikuwa mia mbili na kitu, sikuhesabu.

Nina miaka 41 na hii ndiyo mara yangu ya kwanza. Tangu Juni 2024, vijana walipopigwa risasi Nairobi, mamangu akisikia neno maandamano hufunga dirisha hata kama ni la redioni. Nilimwambia napeleka kaimati Langoni. Mungu anisamehe, kaimati nilizibeba kweli, zikaliwa ndiani.

Nianze na bango maana ndilo lililotutoa jasho. Jumatatu usiku tulikutana kwenye daka la jirani yangu, watu 11, saba wanawake. Pesa za kuchapisha bango Mombasa hatuna. Fundi mmoja wa matanga akatupa tanga kuukuu la mashua, la kitambaa cha marekani nzito, limechanika pembeni na lina viraka vitatu. Mzee mmoja akauliza, "Mwapinga vita kwa marekani?" Tukacheka mpaka watoto wakaamka. Rangi nyeusi ya mafuta tulipewa na mtu aliyekuwa akipaka chombo chake, ikabaki nusu kopo.

Kisha ugomvi wa maneno. Vijana wataka VITA BASI. Nyanya mmoja wa Mkomani, kindakindaki, akasema yeye haandamani chini ya neno ambalo mamake hakulitamka. Sisi Waamu twasema zita. Nusu saa nzima, herufi moja! Nyanya akashinda. Tukaandika ZITA BASI kwa herufi za urefu wa mkono, na chini yake majina ya mahali.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni upana wa usita. Tanga lina mita nne na ushei. Usita wenyewe mwaujua, kuna mahali punda akipita na mizigo wewe wapanda baraza. Tulipoingia tu, ikabidi tuligeuze ubavu, mimi mbele na mwenzangu nyuma, kama watu wabebao kitanda. Basi kuanzia Langoni mpaka karibu na Ngome, waliosoma ujumbe wetu ni kuta za mawe na muuza vitambaa mmoja wa mkono wa kulia, naye hakuwa na miwani.

Nitaendelea, unga umeshapanda.

Mtanga Halisi (Jumamosi, saa 3:32 usiku)

Nimeona "tanga kuukuu" nikaja mbio, nikadhani mnatusema. Endelea dada, nimeshakaa na kahawa.

Kijogoo (Jumamosi, saa 3:40 usiku)

Mwaandamana kwa ajili ya Sudan na bei ya unga je? Burhan na Hemedti, wale majenerali wapiganao kule, watasoma lini tanga lenu?

Bi Mahamri (Jumamosi, saa 4:25 usiku)

Kijogoo, unga naununua mimi kila siku, bei yake usinifundishe. Nitakujibu nikimaliza.

Tulipokaribia soko wakatokea punda wanne kutoka upande wa Ngome, wamebeba mifuko ya mchanga. Sasa hapa kwetu punda mwenye mzigo hapishi mtu, uwe bwana harusi, uwe maiti. Kijana wa punda akapiga kelele, "Pisheni! Pisheni!" Watu mia mbili tukajibana ukutani, wengine wakapanda mabaraza, na "Haki! Amani!" ikakatikia hapo hapo. Punda wa kwanza na wa pili wakapita. Wa tatu akasimama, akanusa tanga, akaanza kulitafuna ukingoni. Nalivuta, naye avuta. Aliyekuja kunisaidia ni polisi, mmoja wa wale watatu waliokuwa wakitufuata nyuma. Alimsukuma punda matako kwa mikono miwili, kofia ikamwangukia. Wallahi watoto walipiga makofi kuliko walivyompigia imamu.

Polisi huyo ni mteja wangu. Leo asubuhi alikuja kama kawaida, akasema "Nipe ya hamsini," hakutaja punda, nami sikumtaja.

Mkunguni tukalifungua tanga lote, kwa mara ya kwanza. Wazee wa bao walisogea bila kuambiwa. Alisema imamu kidogo, akasema padri kidogo, wote wawili walijua jua la saa nane halina adabu. Halafu mama mmoja akasoma majina ya miji, bila maelezo. Khartoum. Omdurman. Nyala. El Fasher. Rafah. Khan Younis. Jabalia. Baada ya kila jina ananyamaza kidogo.

Nilichokitazama mimi ni muuza kahawa. Mwajua wale hutembea wakigonganisha vikombe mkononi, kling kling, hiyo ndiyo kengele yao. Alikuja kutoka upande wa soko akigonga, akaona watu wamenyamaza, akakusanya vikombe vyote kwenye kiganja na kuvibana kifuani visilie. Dele mkono mmoja, vikombe mkono mmoja, amesimama hivyo mpaka majina yakaisha. Sijui kama ajua El Fasher iko wapi. Alipoanza kugonga tena ndipo nilipojua tumemaliza.

Saa tisa kasoro kila mtu kwao. Picha hii hapa chini, alipiga mpwa wangu akiwa juu ya ngazi za Ngome.

[picha]

Karani (Jumamosi, saa 4:51 usiku)

Hongereni. Kwa faida ya wasomaji, maana kila mara naona watu wakiandika "polisi waliwapa ruhusa": Katiba ya 2010, Kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, madhali ni kwa amani na hana silaha. Sheria ya mikutano ya hadhara, Sura ya 56, yataka umpelekee mkuu wa kituo taarifa kwa maandishi, si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya 14. Uandike jina lako na makazi, siku, njia mtakayopita, na saa, kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Ni taarifa. Humwombi mtu ruhusa, wamwarifu.

Barua nani alipeleka?

Bi Mahamri (Jumamosi, saa 4:58 usiku)

Mimi, Jumanne asubuhi, baada ya kuuza. Nilipokewa vizuri, wakapiga muhuri nakala yangu.

Kijogoo (Jumamosi, saa 5:06 usiku)

Bado sijajibiwa. Sudan yatuhusu nini?

Karani (Jumamosi, saa 5:20 usiku)

Kijogoo, Februari 2025 wale RSF, jeshi la Hemedti, na washirika wao walikutana wapi kutia saini mkataba wa serikali yao sambamba? Nairobi. Mwezi uliofuata Sudan ikapiga marufuku bidhaa zetu, chai ikiwemo. Kwa hiyo ukiwa Mkenya na wasema Sudan haikuhusu, jua kuna Wasudani wanaoona inakuhusu sana.

Kijogoo (Jumamosi, saa 5:24 usiku)

Haya, hilo sikulijua. Lakini swali langu liko palepale, kutembea kwasaidia nini?

Baharia Mstaafu (Jumapili, saa 12:15 asubuhi)

Kijana, hilo niulize mimi. Mimi ni wa Langoni, miaka mingi nilikuwa nje, nikaosha sahani jikoni kwa hoteli moja London. Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2003 niliomba ruhusa nikanyimwa, nikaenda vivyo hivyo. Marekani na Uingereza zajitayarisha kuipiga Iraki. Tulianzia ukingo wa mto, Embankment, wengine walianzia Gower Street maana watu hawakuenea ndia moja, tukaishia bustani ya Hyde Park. Baridi ya kukata masikio. Polisi walisema watu 750,000, waandalizi wakasema milioni mbili. Mimi nasema sijapata kuona watu kama wale mpaka yeo. Siku ileile Roma walikuwa wengi kuliko sisi.

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Kizungu na mbwa aliyevishwa kibao shingoni, "Si kwa jina langu." Nilitembea nyuma ya mbwa yule saa nne nzima. Jumatatu nilipoingia kazini jamvi langu lilikuwa limeshakunjwa.

Vita vikaanza tarehe 20 Machi. Wiki tano hazikutimia. Basi kama wauliza vilizuiwa, la, havikuzuiwa.

Ila nikupe jingine. Tarehe 1 Machi 2003 bunge la Uturuki lilipiga kura, na azimio la kuwaruhusu askari wa Marekani waingie Iraki kwa kupitia kwao likakosa kupita. Nje ya bunge mui mzima ulijaa waandamanaji. Hesabu yake siwezi kukupigia, lakini jeshi zima lilibadilishiwa ndia. Na hapa kwetu kiwanda cha makaa ya mawe? Watu walitembea, wakatukanwa kuwa wapinga maendeleo, wakatembea tena. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni. Ukiuliza siku moja katikati ya miaka ile ungelijibiwa hawasaidii kitu.

Mwanangu Bi Mahamri, zita ndilo neno. Msalimie yule nyanya.

Mato Mane (Jumapili, saa 2:40 asubuhi)

Bi Mahamri samahani, mimi kazi yangu ni picha na jicho langu halina adabu. Nimeikuza picha yako. Yuu kuna ZITA BASI. Chini kushoto GAZA, katikati SUDAN. Kulia kuna mahali peupe kuliko tanga lenyewe, kama mstatili, na kwa ndani naona wino mweusi watokeza. Hapo palikuwa pameandikwa nini?

Bi Mahamri (Jumapili, saa 3:15 asubuhi)

Ni kiraka. Nilisema lina viraka vitatu.

Mato Mane (Jumapili, saa 3:22 asubuhi)

Viraka vitatu nimevihesabu, vyote viko yuu karibu na kamba. Hicho si kiraka dada.

Fundi Kombo (Jumapili, saa 4:00 asubuhi)

Hiyo ni chokaa. Na kama chini ni rangi ya mafuta, haitashika, itabanduka yenyewe kabla ya Maulidi.

Mtanga Halisi (Jumapili, saa 4:09 asubuhi)

Uzi umeanza upya, nasogeza kiti.

Bi Mahamri (Jumapili, saa 4:45 usiku)

Nimekaa na hili siku nzima. Mahamri ya leo yaliungua, waliokula wamenistahi tu.

Jumatatu usiku tulikubaliana majina matatu. Gaza, Sudan, na Boni, yaani msitu wetu wa bara na watu wake. La tatu alilitoa kijana mmoja wa Mokowe, akasema hatuwezi kulia msiba wa mbali na kuruka wa mlangoni. Hakuna aliyebisha, hata mimi. Tukaliandika. Tanga likalazwa uani kwangu lipate kukauka.

Alfajiri nikaamka kusali, nikaliona pale chini. GAZA, SUDAN, BONI. Mwanangu huvuka Mokowe kila siku kwa kazi, barabarani kuna vizuizi. Nikakumbuka 2014, mauaji ya Mpeketoni, kafyu ya Julai, wavuvi kukatazwa bahari usiku, watu wakichukuliwa. Na hapa kwetu mtu akitaja Boni kwa sauti, la kwanza aulizwalo si nini kimekuuma, ni uko upande gani. Ukisema zita basi Gaza, waitikiwa amina. Ukisema zita basi Boni, kuna atakayesikia umewatetea Al-Shabaab waliochinja watu vijiji vya Juhudi na Salama mwaka wa 2023, na kuna atakayesikia umewatetea wenye bunduki za serikali. Mimi sikuwa na maneno ya kuwaeleza wote wawili kuwa nalilia wenye msitu.

Ukutani palikuwa na ndoo ya chokaa. Nilipaka mara mbili. Ndipo nikaenda kuuza, kisha nikapeleka barua.

Na nataka lijulikane: hakuna aliyenikataza. Aliyepokea barua hakuuliza bango limeandikwa nini. Hofu ilikuwa yangu peke yangu, nikawafanyia wenzangu kumi bila kuwauliza.

Mwaona sasa kwa nini tanga kwenda ubavu ubavu kulinifaa. Njia nzima hakuna aliyelisoma. Tulipolifungua Mkunguni, mwenzangu wa pau ya kulia, yule kijana wa Mokowe, aliinamisha kichwa akalisoma. Akanitazama. Hakusema neno, akaendelea kulishika mpaka mwisho. Hajaja kununua kitu tangu siku hiyo.

Kijogoo (Jumapili, saa 4:57 usiku)

Shangazi, mimi ningelifanya vivyo hivyo. Tena nisingelikiri.

Karani (Jumapili, saa 5:05 usiku)

Kisheria hukuvunja kitu. Lakini wenzako umewakosea, nadhani wewe mwenyewe unalijua hilo.

Mrina (Jumatatu, saa 1:50 asubuhi)

Salaam. Mimi huwa siandiki. Ni Mboni wa Kiangwe. Jana usiku nimeonyeshwa uzi huu.

Babangu alikuwa mrina asali, na jina hili nimelichukua kwake. Tangu wanajeshi walipoanza ile operesheni ya msituni Septemba 2015, kuingia ndani kurina ni jambo la kuuliza na kusubiri. Wanaojificha mle nao hawaulizi, ukikutana nao umekutana nao. Mzee alikufa mizinga yake iko mitini, hakuna aliyeishusha. Upande wa Basuba shule zilifungwa miaka, walimu waliondoka, na wadogo zangu ndio sasa wako darasa la watoto wadogo na ndevu zimeota.

Nimesoma ulivyoandika mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, sitakuficha. Watu mia mbili wanasomewa Khan Younis na Nyala, miji ambayo hawajaiona, na Kiangwe kwa mashua ni safari ya siku moja. Mara ya pili nikakumbuka kuwa mimi mwenyewe nikifika Amu nikiulizwa natoka wapi nasema Kiunga, kwa sababu hiyohiyo yako. Kwa hivyo sijui nikuambie nini.

Ila nataka kujua, kwenye picha herufi za chini ya chokaa zatokeza ngapi?

Mato Mane (Jumatatu, saa 2:05 asubuhi)

B yote, na nusu ya O.

Baharia Mstaafu (Jumatatu, saa 2:30 asubuhi)

Mwanangu Mrina, uko wapi sasa hivi? Uko kwenu au umevuka?

Mrina (Jumatatu, saa 2:41 asubuhi)

Niko Amu, ami, siku ya nne leo. Nimemleta mama hospitalini, wamemlaza. Hali si mbaya. Chakula cha wodini hakipendi, ataka kitu laini.

Bi Mahamri (Jumatatu, saa 2:44 asubuhi)

Atakula mkate wa sinia? Uji wa mchele? Mrina nijibu.

Mrina (Jumatatu, saa 2:52 asubuhi)

Uji atakunywa. Usijisumbue dada.

Bi Mahamri (Jumatatu, saa 2:55 asubuhi)

Usiniambie nisijisumbue, nimeshabandika. Toka hospitalini, shika njia ya pwani mpaka jeti, ingia usita kwa uchochoro wa msikiti mdogo, kisha uliza kwa Bi Mahamri, hata mtoto atakuleta. Tanga liko uani, nimelitundika. Njoo na mtu wa kukusaidia kubeba, nitatoa chupa mbili.

Mtanga Halisi (Jumatatu, saa 2:58 asubuhi)

Chokaa je, mnaikwangua au mnaiacha?

Fundi Kombo (Jumatatu, saa 3:03 asubuhi)

Isikwanguliwe kwa kisu, mtalichana. Maji ya ndimu na brashi ya kufulia, taratibu.

Mrina (Jumatatu, saa 3:26 asubuhi)

Niko uchochoroni. Milango ni miwili, nigonge huu wenye kufuli ya shaba?